Maharagi, sombe na chukudu: historia ya chakula bila nyama njiani Majengo

Utangulizi

Wazee wetu walisema: mwacha asili ni mtumwa. Mara nyingi tunapotaja asili tunafikiri ngoma, ndoa, mahari na majina ya koo. Chungu tunakisahau. Na tukikumbuka chungu, tunataja kile cha sikukuu chenye mbuzi au kuku. Chungu cha kila siku, kile kilichotulea na kutusomesha, hatukiandiki popote.

Katika kurasa hizi tunataka kueleza historia ya chakula kimoja kinachojulikana na kila mtu wa Goma, hasa sisi wa kartie Majengo: chakula bila nyama kinachouzwa njiani. Tunasema maharagi, sombe, lengalenga, viazi, ndizi za kuchemsha, avoka, mikate ya mafuta na uji. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, siku hizi kuna trela na magari ambayo watu wanapikia ndani, wanasimama pembeni mwa barabara, na mengine yanajivunia kwamba hayauzi nyama hata kidogo. Wanaokula humo wanaitwa vejetariani, na wale wasiogusa hata yai wala maziwa wanaitwa vegani. Kijana mmoja alituuliza darasani kama sisi tutafikia lini maendeleo hayo. Tulicheka, kisha tukaona kwamba swali lake linastahili jibu. Ndiyo maana ya insha hii.

Tuseme mapema: Majengo haina trela. Ina chukudu, ina pusepuse, ina karai kichwani na sufuria iliyofunikwa kitambaa. Lakini kazi ni ile ile, na yetu si ya jana.

Majengo, mtaa juu ya mawe

Jina Majengo si la Goma peke yake. Nairobi kuna Majengo, Mombasa kuna Majengo, Moshi pia. Popote Kiswahili kilipofika na watu wa makabila mbalimbali wakajenga pamoja, jina hilo lilizaliwa. Majengo yetu iko katika komini ya Karisimbi, upande wa kaskazini wa mji, kuelekea mlima Nyiragongo. Watu wake walitoka Lubero, Beni, Masisi, Rutshuru, Walikale, Nyiragongo na hata ng'ambo ya mpaka. Kila mmoja alikuja na chungu chake.

Msomaji asiyejua Goma aelewe jambo moja: mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Katika mitaa mingi ukichimba huoni udongo, unaona jiwe jeusi. Huwezi kulima shamba la maharagi nyuma ya nyumba kama wanavyofanya ndugu zetu wa Kirotshe au Rutshuru. Mto hakuna, na maji tunayanunua kwa bido. Kwa hiyo kila kinachoingia chunguni kimetoka mbali: maharagi na viazi kutoka Masisi na Rutshuru, kabichi, karoti na poro kutoka Kibumba, mawese kutoka nchi za joto za Walikale na Beni, ndizi na mihogo kutoka Minova na visiwa vya ziwa. Tunaposema chakula cha Goma, kwa kweli tunasema barabara za Goma. Barabara ikifungwa, chungu kinafungwa. Jambo hili tutalirudia.

Maharagi yalitoka wapi?

Wengi wanafikiri maharagi ni ya tangu Adamu. Sivyo. Maharagi haya tunayoyala, pamoja na mahindi, mihogo, viazi na avoka, asili yake ni bara la Amerika. Yalivuka bahari baada ya mwaka 1492, wakati Wazungu walipoanza safari za kwenda na kurudi Amerika, na Wareno waliyaleta kwenye pwani za Afrika. Kutoka pwani yalitembea kwa mikono ya Waafrika wenyewe, soko hadi soko, mama hadi mama, mpaka yakafika katika milima yetu. Hapo yalikuta udongo mzuri wa volkano na mvua za misimu miwili. Watu wa Maziwa Makuu waliyapenda kuliko pengine popote duniani. Walichagua mbegu, wakazichanganya, wakajua ipi inaiva upesi na ipi inavumilia mvua. Mpaka leo ukifungua gunia la maharagi ya mchanganyiko sokoni Virunga, utaona rangi nyingi kama shanga.

Katika Kivu ya Kusini, kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kule Mulungu kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mbegu za maharagi, pamoja na yale yanayopanda juu ya miti na yale yenye madini mengi ya chuma, ambayo husaidia akina mama wajawazito na watoto wenye upungufu wa damu. Wataalamu wanatueleza kwamba maharagi makavu yana kati ya sehemu 20 na 25 za protini katika kila sehemu 100. Wanatueleza pia kwamba kile kinachopungua katika mahindi kinapatikana katika maharagi, na kile kinachopungua katika maharagi kinapatikana katika mahindi. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini waliweka bugali na maharagi katika sahani moja. Akili ni mali.

Hata Ulaya jambo hili lina historia. Kabla ya neno vejetariani kuenea katika karne ya 19, mtu asiyekula nyama aliitwa mfuasi wa Pythagoras, kwa jina la yule mwenye hesabu wa Uyunani ambaye wanafunzi wetu wanamjua kwa pembetatu zake. Huko Uingereza chama cha wasiokula nyama kiliundwa mwaka 1847. Neno vegani lilibuniwa huko huko mwaka 1944. Jina kwa hiyo ni la juzi, sahani ni ya zamani.

Sombe: kazi ya mchi

Sombe ni majani ya muhogo. Asiyejua anafikiri ni mboga rahisi. Jani bichi la muhogo lina sumu, ile inayoitwa sianidi. Mama anachagua majani laini, anayapondaponda katika kinu mpaka yanakuwa kama unga wa kijani, kisha anayachemsha muda mrefu. Kuponda kunaifungua ile sumu, na moto na mvuke vinaiondoa. Baadaye anatia mawese, kitunguu, poro, pilipili tamu, pengine biringanya. Harufu yake inajulikana kutoka mwanzo wa avenyu.

Hapa tuseme ukweli bila kuficha. Nyumba nyingi zinatia ndani ya sombe samaki wadogo wakavu, ndagala, na wengine wanatia kibe cha magi. Kwa hiyo si kila sombe inayouzwa njiani ni bila nyama kwa maana kamili. Tulimuuliza mama mmoja anayeuza karibu na njia yetu ya shule. Alijibu hivi:

"Papa mwalimu, mi niko na sufuria mbili. Hii ya ndagala, hii ya bure. Kuko batu ya Sabato, kuko batu ya kufunga, kuko na benye hawana franga ya ndagala. Bote banakula ku hii ya bure. Sitaulizaka mutu juu ya nini."

Maneno hayo ya mwisho, kwamba hamuulizi mtu sababu, tuliyaandika katika daftari tulipofika nyumbani. Katika sufuria ile moja wanakutana mwenye imani, mwenye mfungo na mwenye mfuko mtupu, na hakuna anayejulikana ni yupi.

Chukudu na watu wake

Huwezi kueleza chakula cha Majengo bila chukudu. Chombo hiki cha mbao chenye magurudumu mawili kilianza kuonekana katika Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Hakuna kiwanda kilichokitengeneza. Seremala anachonga mti mgumu, anavalisha magurudumu mpira wa tairi la zamani, anaweka kipande cha mpira mahali pa goti, na kingine nyuma kwa ajili ya breki. Chukudu nzuri inabeba kilo 400 au 500 ikitelemka. Mwenye chukudu anapiga goti moja juu yake, mguu mwingine unasukuma chini, na mizigo ya Kibumba inashuka mpaka mjini asubuhi kabla jua halijawa kali. Kurudi juu ni habari nyingine: anaisukuma kwa mikono.

Mwaka 2009 sanamu kubwa ya mtu na chukudu yake, yenye rangi ya dhahabu, ilisimamishwa kwenye mzunguko wa barabara mjini Goma. Wengine walilalamika kwamba tunajivunia umaskini. Sisi tuliona vizuri kwamba mji umemkumbuka anayeulisha. Lakini tuliona pia kwamba sanamu ilikuwa nusu tu ya historia. Mwanaume amebeba mzigo. Mwanamke anayeupokea, anayeumenya, anayeupika na kuuza kwa sahani, yeye hana sanamu.

Tena chukudu haikubaki gari la mizigo tu. Utaiona imeegemezwa pembeni, imepangwa avoka, ndizi na miwa juu yake, ikawa meza ya biashara. Jioni mwenyewe anaondoka nayo. Huko Marekani, katika mji wa Providence, mtu mmoja aitwaye Walter Scott alianza mwaka 1872 kuuza chakula usiku ndani ya gari la kukokotwa na farasi, na wanahistoria wa huko wanamhesabu kama mmoja wa mababu wa biashara hiyo ya magari ya chakula. Yeye alikuwa na farasi, sisi tuna goti na mguu. Fikra ni moja: mnunuzi akiwa hawezi kuja sokoni, soko limfuate.

Siku ya mama wa sufuria

Maharagi yanalowekwa usiku. Anayeruka hatua hii atalipa kwa makala. Saa kumi za asubuhi babula inawashwa. Maharagi mekundu yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo, na hilo nalo lina sababu ya kisayansi, kwa kuwa yana sumu inayoondoka kwa kuchemka kwa nguvu. Mama haendi kwa saa ya ukutani. Anaminya punje kati ya vidole viwili.

Baada ya chakula chenyewe, gharama kubwa ni makala na maji. Sehemu kubwa ya makala ya Goma imetoka kwa miaka mingi katika msitu wa Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoundwa mwaka 1925 na ambayo ni ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Hivyo sufuria ya maharagi inakula pia msitu. Ndiyo sababu shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala, kuwasaidia wakulima kupanda miti ya makala nje ya hifadhi, na majiko yanayopunguza makala yakaenezwa mjini. Mama wa sufuria ndiye aliyeelewa faida yake upesi, maana kila kopo la makala analolibakiza ni faida yake ya siku.

Saa moja na nusu wanafika wateja wa kwanza: wajenzi, waendesha pikipiki, wabeba mizigo, wanafunzi wasiokula nyumbani. Lugha ya hapo ni fupi.

"Mama, nipatie ya mia tano, uongezee ka supu."

"Na avoka?"

"Leo hapana. Kesho nikipata."

Sahani inapokelewa kwa mikono miwili. Kuna benchi moja, wanaokosa nafasi wanachuchumaa au wanasimama. Kule Kinshasa na miji mingine ya nchi yetu mahali kama hapo panaitwa malewa, na jina hilo limefika kwetu pia. Pwani ya Kenya na Tanzania wanazo mbaazi za nazi na mahamri asubuhi. Nairobi wanayo githeri ya mahindi na maharagi. Ethiopia Wakristo wa Orthodoksi wana siku nyingi sana za mfungo katika mwaka, na mikahawa yote inajua kupika sinia la mboga na dengu siku hizo. Afrika Mashariki nzima imelelewa hivyo.

Waliochagua na wasiochagua

Msomaji anaweza kutupinga: watu wa Majengo hawali nyama kwa sababu nyama ni beyi, wakipata pesa wataila. Ni kweli kwa wengi. Hatutaki kumpamba maskini maua. Mtoto anayekula maharagi siku saba kwa sababu hakuna kingine si vejetariani, ni mtoto anayehitaji msaada.

Lakini si ukweli wote. Kwanza, kujinyima nyama fulani ni desturi ya hapa hapa. Katika koo nyingi za Maziwa Makuu kuna mnyama wa ukoo ambaye hawamli. Mtu anakua akijua kwamba kuna nyama isiyopita kinywani mwake kwa heshima. Pili, dini. Waislamu hawali nguruwe, Wakimbangisti hawali nguruwe wala nyani, Wakatoliki wana Ijumaa za Kwaresima. Waadventista wa Siku ya Saba, kanisa lililoundwa Marekani mwaka 1863 na lenye mizizi katika jimbo letu hata kuwa na chuo kikuu kule Lukanga, wanafundisha afya ya mwili, na wako kati yao walioacha nyama kabisa. Wanapenda kukumbusha habari ya Danieli na wenzake waliokula mboga na kunywa maji mbele ya mfalme.

Tatu, wageni. MONUC ilipoanza kazi nchini mwishoni mwa mwaka 1999, na baadaye wanajeshi wa India wakapelekwa Kivu ya Kaskazini, wengi wetu tulishangaa kusikia kwamba kuna askari mzima mwenye silaha asiyekula nyama kwa sababu ya dini yake. Tulikuwa tunadhani nguvu inatoka kwenye mshikaki. Watu wa mashirika nao walikuja na neno lao vejetariani, na mahoteli ya kando ya ziwa yakaliandika kwenye karatasi ya vyakula. Maharagi yale yale ya Majengo, yakiwekwa kwenye sahani nyeupe na jani la kotimiri, yakapata jina jipya na beyi mpya. Hilo lilitufundisha kwamba thamani ya chakula mara nyingine iko machoni.

Tuongeze na soya. Zao hili lilijulikana zaidi kwetu kupitia vituo vya lishe. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja walipoingia Goma katika siku chache za Julai, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, PAM iligawa mahindi, maharagi, mafuta na unga uliochanganywa na soya. Kule Bukavu unga wa mahindi, soya na mtama unaitwa Masoso. Leo uji wa soya unauzwa asubuhi Majengo kwa kikombe, na wanaoununua wengi hawajui kwamba ulianza kama dawa ya utapiamlo.

Miaka ya moto na ya vita

Historia ya Goma inahesabiwa kwa moto. Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977. Ililipuka tena tarehe 17 Januari 2002, ikafunika katikati ya mji na kuwaacha watu zaidi ya laki moja bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 jioni lava ilishuka mpaka Buhene, mpakani mwa mji, jirani zetu kabisa. Tarehe 27 Mei, asubuhi mapema, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartie kumi lazima ziondoke, na Majengo ilikuwa mojawapo. Watu walikwenda Sake, Minova, Rutshuru, Gisenyi.

Katika barabara ya Sake siku ile tuliona vitu ambavyo watu waliamua kuokoa: magodoro, televisheni, mbuzi. Na tuliona mama mmoja wa kartie yetu na sufuria yake nyeusi kichwani, ile kubwa ya kuuzia. Hakubeba godoro. Kesho yake alikuwa amekwisha kutafuta mawe matatu ya mafiga na anauza maharagi kando ya njia kwa wale wale wateja wake. Aliyekuwa na pesa alilipa. Asiyekuwa nayo alikula.

Kisha ikaja vita. Mwaka 2022 mapigano yalifika Kibumba, na chukudu za mboga hazikushuka tena kama zamani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 barabara ya Sake ilikatwa, maharagi na viazi vya Masisi vikawa adimu. Wafanyabiashara walihamia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojaa watu na mizigo kutoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu pale Kituku, ikibakiza kidogo tu kufika. Walikufa wengi, na kati yao walikuwa wanawake wa biashara. Wengi hawangepanda boti kama barabara ingekuwa wazi. Tangu siku ile hatuwezi kununua ndizi za Minova bila kukumbuka.

Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia mjini. Benki zilifunga milango, na mishahara ilikuwa inapitia benki. Hapo sisi waalimu tulijua uzito wa sufuria. Kuna mama aliyefungua daftari la shule, akagawa kurasa kwa majina: mwalimu wa hesabu, mwalimu wa Kifaransa, mwalimu wa historia. Kila siku aliandika sahani moja. Alikuwa amesoma miaka minne tu ya shule ya msingi, lakini hesabu yake haikukosea. Tulipotaka kumshukuru alisema: "Mwalimu, batoto yangu banasomaka kwako. Kula." Kwa wiki kadhaa shule ilisimama kwa sababu ya maharagi ya mkopo. Hakuna ripoti itakayoliandika jambo hilo, basi liandikwe hapa.

Aibu ya wanafunzi wetu

Miaka kadhaa kabla ya hayo tuliwapa wanafunzi wa darasa la nne la sekondari insha: kazi ya mzazi wangu. Tulijua kwamba wengi walikuwa wanasomeshwa na mama anayeuza njiani. Lakini karibu wote waliandika neno moja: biashara. Hakuna aliyeandika maharagi. Mmoja tu, msichana wa nyuma, aliandika kwamba mama yake anauza sombe kwenye pusepuse, na kwamba yeye humponda majani kabla ya kuja shule. Aliposoma kwa sauti, wenzake walicheka. Tuliwanyamazisha, lakini hatukusema neno la kutosha. Tulikuwa tumekula sombe ile asubuhi hiyo hiyo, na hatukusema. Kosa hilo ni letu.

Aibu hiyo ina hasara. Vijana wetu wa kike hawajifunzi tena kuchagua mbegu, hawajui kwa nini sombe inapondwa kabla ya kuchemshwa, wanadhani ni kwa ajili ya ulaini tu. Mtu asiyejua sababu ataruka hatua siku moja, na hatua iliyorukwa katika sombe ni sumu. Desturi ikidharauliwa haipotei yote kwa mara moja. Inapoteza kwanza sababu zake, kisha inabaki mazoea, kisha inakuwa hatari au inaachwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba chakula bila nyama kinachouzwa njiani Majengo kina historia: mbegu zilizovuka bahari, mchi unaoondoa sumu, chombo cha mbao kilichobuniwa na wenyeji, imani mbalimbali zinazokutana katika sufuria moja, na wanawake waliobeba mji katika moto na vita. Tunapendekeza mambo matatu kwa wanachama wa ushirika wetu na kwa wenzetu waalimu.

La kwanza, tuandike mapishi kutoka vinywani mwa wakubwa, kwa majina ya mbegu na sababu za kila hatua, kabla hawajatuacha. La pili, somo la sayansi na somo la historia shuleni litumie sahani ya Majengo kama mfano. Protini na safari za Wareno zinaeleweka vizuri zaidi mbele ya maharagi kuliko mbele ya picha ya kitabu. La tatu, wale wanaosimamia njia na masoko wakumbuke kwamba sufuria ikifukuzwa kando ya barabara, njaa haifukuzwi nayo. Wapewe mahali, maji na kivuli.

Yule kijana aliyeuliza tutapata lini trela zetu, tunamjibu hivi: kesho asubuhi, saa moja na nusu, apite kwenye njia panda yetu na franga zake mia tano. Asimame foleni kama wengine. Akipokea sahani, apokee kwa mikono miwili, na amsalimu mama.